Glasi Zilizopakwa Samli

Wapendwa, msisinzie kwanza. Leo nawaletea mama mmoja mwenye sauti tamu na roho ya kwa nini.

Mama huyu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya tangu ujana wake. Akifungua kinywa, hata watoto wachanga walinyamaza. Kisha kinanda cha kanisa, kilichompa sauti ya kuanzia, kikaharibika, na hapo akajitokeza dada mmoja mgeni, mwosha vyombo kwenye shughuli za harusi, na glasi zake za miguu mirefu. Alizipanga mezani, akatia maji, hii mengi, ile kidogo. Akalowesha kidole, akakizungusha taratibu kwenye mdomo wa glasi, na glasi ikaimba! Yenye maji kidogo ilitoa sauti ya juu, yenye maji mengi sauti nzito. Watu walibaki midomo wazi. Baada ya ibada, nani alizungukwa? Yule dada. Mama wa watu alipita katikati yao na kitenge kipya, hakuna aliyekiona.

Wivu ukamwingia. Na kilichomuuma zaidi ni jagi. Kila Jumapili, mama akishajaribu sauti yake pale uani mwa kanisa, yule dada alimsikiliza, kisha akachukua jagi na kuongeza maji kwenye glasi zote.

"Maringo hayo!" alimwambia mumewe huku akimenya vitunguu. "Ananingoja mimi niimbe ndipo aanze mbwembwe zake."

"Si glasi tu, mke wangu?"

"Glasi tu? Na mimi ni nani basi?"

Mumewe akachukua kisu, akamsaidia vitunguu. Wanaume tunajua pa kunyamazia.

Ikafika Sikukuu ya Mavuno. Mama aliwahi kanisani, eti kupanga maua. Glasi zilikuwa zimeshapangwa. Akachovya kidole kwenye samli aliyoificha mkobani, akaipaka midomo ya glasi zote, kidogo tu, isionekane. Alijua anachofanya: glasi huimba kwa sababu kidole safi kinaikwaruza hadi itetemeke. Ikiwa na mafuta, kidole kinateleza tu.

Kanisa likajaa. Yule dada akazungusha kidole. Kimya. Akalowesha tena, akajaribu glasi nyingine. Kimya. Mama moyoni alikuwa anacheza ngoma! Akasimama, akajikohoza, akaanzisha wimbo peke yake, pale pale juu alipozoea kuanzia tangu usichana.

Ubeti haukwisha. Sauti ilipanda, ikakwaruza, ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika vibaya zaidi. Vijana wa nyuma wakacheka. Mama akaketi, akajifunika uso.

Baada ya ibada yule dada alimfuata, akapiga magoti kando yake.

"Nisamehe, mama," alinong'ona. "Sauti yako imeshuka tangu masika. Nilikuwa naongeza maji ili glasi nazo zishuke, zikuanzishie pale unapopaweza, watu wasijue. Leo glasi zimenikatalia. Sijui zimepatwa na nini."

Mama alitazama kidole chake, bado kinang'aa kwa samli, akakificha ndani ya kitenge.

Sasa mnamsikitikia? Ngojeni kwanza. Sisi tuliomo humu, tumezipaka samli glasi za wangapi? Jirani kasifiwa, tunatafuta doa lake. Mwenzetu kazini kapanda, tunaenda kunong'ona kwa bosi. Tunaona jagi mkononi mwa mtu, mara tunasema anaringa! Nani kati yetu amewahi kumuuliza, "Ndugu, hayo maji unamwagia nani?" Pengine anayesitiriwa ni wewe. Pengine miaka yote hii hujaaibika kwa sababu yeye alikuwa anashuka ili muwe pamoja, na wewe unamnunia.

Sasa tunasimama kuimba. Lakini kabla hujashika kitabu cha nyimbo, hebu tazama kidole chako.