Bakuli la Barazani

Isome hii taratibu, kisha mtumie yule unayemjua ambaye kwenye mikutano hukaa karibu na mlango, asije akaitwa kusema.

Palikuwa na nchi moja ya milimani yenye desturi ya ajabu. Mtu akitaka kusema barazani mbele ya mfalme, alipewa bakuli lililojaa maji mpaka ukingoni. Alisimama nalo mikononi, akasema yake yote. Likimwagika tone moja tu, alihesabiwa kuwa mwongo, akaambiwa akae, na shauri lake likaishia hapo.

Basi wajanja wakaneemeka. Waliozoea kudanganya bila kupepesa macho walishinda kila shauri, na wenye haki wakarudi makwao nguo zimelowa.

Katika nchi hiyo aliishi mfinyanzi mmoja, mjane, jina lake Nyamvula. Nyumba yake ilikuwa kando ya shimo ambalo wafinyanzi wote walichimba udongo. Kwenye maneno ya jikoni na kisimani hakuwa na mpinzani, lakini mbele ya kadamnasi alikuwa mtu mwingine. Alipokuwa msichana aliambiwa atoe shukrani kwenye harusi ya dada yake. Sauti ikamkauka, watu wakacheka, na tangu siku hiyo akiona macho ya watu yamemwelekea, mikono humtetemeka.

Tajiri mmoja wa ng'ombe, Chirau, akalitamani lile shimo. Alitaka lifukiwe liwe malisho, akadai ni ardhi ya baba yake. Sheria ilitaka ajibu yule ambaye nyumba yake iko karibu zaidi na mahali panapogombaniwa. Chirau alilijua hilo, na alimjua Nyamvula. Ndiyo maana hakuwa na wasiwasi.

Wafinyanzi wakakosa usingizi. Udongo ule ukienda, hawana kazi nyingine. Shangazi yake Nyamvula, Bi Mejumaa, akamfanyisha mazoezi uani kwa bakuli la nyumbani.

"Usitazame watu, mwanangu. Tazama maji."

"Nikitazama maji nasahau maneno, shangazi. Nikikumbuka maneno namwaga maji."

"Basi jaribu tena."

Alijaribu mpaka ua ukawa tope. Kila mara alimwaga.

Siku ya shauri ikafika. Baraza likafurika watu. Chirau akasimama wa kwanza, akalishika bakuli kwa mikono miwili iliyotulia, akasema kwa ufasaha jinsi baba yake alivyochunga ng'ombe pale, jinsi alivyomwita kila fahali kwa jina lake. Hakuna neno hata moja lililokuwa la kweli, na hakuna tone lililoanguka. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Bakuli likajazwa tena, akapewa Nyamvula.

Mikono ikaanza. Maji yakapanda ukingoni, yakarudi, yakapanda tena. Alifungua kinywa, ulimi ukagandia kwenye kaakaa. Nyuma mtu akacheka, na kicheko kile alikifahamu, kilikuwa cha ndugu yake mmoja, aliyemcheka siku ile ya harusi.

Chirau akasema kwa sauti ya huruma, "Mwambieni akae jamani. Kwa nini tumtese mama wa watu? Anayetetemeka hana la kusema."

Hapo hasira zikampanda Nyamvula. Kuchekwa angevumilia, alikuwa ameshazoea. Kuhurumiwa na mtu anayemwibia, hapana.

Akaliinua bakuli, akalipeleka mdomoni, akanywa. Akanywa mpaka likaisha, watu wakimtazama. Kisha akalifudikiza chini, akajifuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Umefanya nini wewe?" akauliza mtunza bakuli.

"Nimekunywa maji. Koo lilikuwa limenikauka."

"Amevunja desturi," Chirau akasema, naye sasa amesimama.

"Desturi inasema yasimwagike. Njoo utafute tone hapa chini. Ukiliona, nitakaa."

Hakuna aliyekwenda kutafuta. Nyamvula akamgeukia mfalme.

"Mfalme wangu, natetemeka, na nitaendelea kutetemeka mpaka nimalize. Wenye kucheka wacheke, mimi sikai. Kwetu sisi, mfinyanzi akivunja chungu chake cha kwanza hakitupi. Vigae vyake huvizika mle mle shimoni, kwenye ukuta wa udongo. Tuma watu wachimbe. Watakuta vyangu. Chini yake watakuta vya mama, na chini zaidi vya bibi. Wakikuta mfupa wa ng'ombe hata mmoja, mpe Chirau shimo lote na nyumba yangu juu yake."

Sauti ilimkatika mara kadhaa. Kila ilipokatika alingoja, akameza mate, akaendelea pale alipoachia.

Mfalme akamtaka Chirau ajibu. Chirau, ambaye hajawahi kupungukiwa na maneno, akaomba shauri liahirishwe.

"Hapana," mfalme akasema. "Wachimbaji waende sasa."

Wakaenda, na vigae wakavikuta kama alivyosema, tabaka juu ya tabaka. Mfupa hawakuuona. Shimo likabaki la wafinyanzi.

Lakini wazee wa baraza walinung'unika. Bakuli je? Mwanamke kanywa maji ya barazani, aachwe hivi hivi?

Ndipo mama yake mfalme, kikongwe aliyekaa pembeni miaka yote bila kutia neno, akasema kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, yale maji yalikuwa ya kunywa. Babu yako aliona watu wakisimama mbele yake midomo imekauka kwa hofu, akaamuru wapewe maji kwanza. Wasiotetemeka ndio walioyageuza kuwa mtihani."

Mfalme akamtazama mama yake kwa mshangao.

"Miaka yote hii, mama. Mbona hukusema?"

Yule bibi akainamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka mapajani.

"Na mimi naogopa kusema mbele za watu," akajibu. "Leo nimemwona huyu."

Mpaka leo katika nchi ile msemaji hupewa maji anywe. Nyamvula husimama barazani kila panapokuwa na jambo la wafinyanzi. Bado hutetemeka, na bado hasemi haraka. Lakini hakuna anayethubutu tena kumwambia akae.

Funzo: Usingoje hofu iishe ndipo useme, kunywa maji, simama na hofu yako, sema lililo lako mpaka mwisho. Na anayekuambia ukae kwa sababu unatetemeka, mwangalie vizuri, huenda kuna chako alichokikalia.