Mtu wa Nne Katika Nyumba ya Sikujua

Sogeeni. Mwenye simu aigeuze kifudifudi, na mwenye maswali ayameze, maana leo swali nitauliza mimi.

Hapa hamna sungura wala fisi. Ni wanawake watu wazima, tena walitendea haya Iowa, jimbo la Marekani lenye mahindi mpaka macho yanachoka, katika mji mdogo ambako watu wetu wa Fizi na Uvira, kule Kongo, wamefuata kazi ya kiwanda cha bata mzinga. Wanawake watatu, na kila mmoja alijaliwa lake.

Tausi alijaliwa macho. Alizalisha akina mama katika kambi ya wakimbizi miaka na miaka, na mpaka leo akikusalimu anakupima kuanzia kope hadi kisigino. Ukiwa na siri tumboni, usipite mbele yake.

Mwavita alijaliwa masikio. Kazi yake ni kutafsiri kwenye simu kati ya watu wetu na maofisi, na yeye husikia ulichosema, ulichodhani umesema, na kile walichoelewa upande wa pili.

Sifa hakujaliwa maneno, na Kiingereza chake kinatosha kununua mafuta tu. Alijaliwa mikono ya usukani. Alfajiri anawapeleka wafanyakazi kiwandani kwa gari lake kubwa, na theluji ikianguka hadi wenyeji wenyewe wakajifungia ndani, honi ya Sifa mtaisikia mlangoni vilevile.

Mwenye kesi sasa ni Sikujua, mke wa Asumani. Ana mtoto mmoja wa kiume, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Nyumba yake ilikuwa imejaa: shemeji yake Lubunga, tena binamu wa mume, tena mjomba mmoja aliyekuja kutembea akasahau kurudi. Wote wakifanya kazi kiwandani, wote wakila chungu kimoja, na Sikujua akijivunia chungu hicho.

Kiwanda kikapunguza saa za Asumani. Saa zilipopungua, bima ya afya nayo ikaondoka, maana kule bima ya watu wengi imefungwa kwenye kazi kama mbuzi kwenye kigingi. Sikujua akapiga simu ofisi ya jimbo kuomba bima ya serikali, ile ya wenye kipato kidogo. Akaulizwa: nyumbani mko wangapi, na mnaingiza kiasi gani?

Niambieni, mtu aliyelelewa vizuri atajibu nini? Atamwacha shemeji nje? Sikujua akawataja wote, akajumlisha mishahara yote. Akajibiwa kwamba kipato chao kimezidi, hastahili. Akaelezwa kuwa kupoteza bima ya kazini kunamfungulia dirisha la kununua nyingine, na dirisha hilo halikai wazi milele. Akasikia bei ya kununua, akashukuru, akakata simu.

Tangu hapo hakukanyaga kliniki. Asumani akimwuliza, anajibu, "Mtoto anacheza vizuri." Na kweli mtoto alikuwa anacheza. Lakini kichwa kilikuwa kinamgonga, na Sikujua alikuwa anaogopa, na uoga wake aliubeba peke yake.

Ijumaa moja ya Januari wanawake walikusanyika jikoni kwa mama mmoja, wanatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya harusi ya kesho yake. Nje theluji inaanguka. Sikujua akaingia, akavua koti, akakaa.

Tausi akaacha kutwanga.

"Mdogo wangu, pete yako iko wapi?"

"Nimeivua, Dada Tausi. Inanibana."

"Na hivyo viatu ni vya nani?"

"Vya Asumani." Wanawake wakacheka. Tausi hakucheka. Akapiga magoti, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki palepale kama kwenye unga wa maandazi.

"Kichwa?"

"Kinauma kidogo."

"Macho je? Unaona vimulimuli?"

Sikujua akafumba macho, na jibu likawa hilo. Tausi akasimama. "Hii ni presha ya mimba. Nimewazika wawili kwa ugonjwa huu kambini, na wote waliniambia kinauma kidogo. Unakwenda hospitali sasa hivi."

"Siendi."

"Sikujua!"

"Kadi yangu imekufa, dada! Niliomba nyingine, wamenikatalia."

"Dharura hawakufukuzi, hata kama huna kadi. Kila mtu anajua."

"Hawakufukuzi, ndiyo. Bili ndiyo inayokufukuza baadaye. Mama Wilondja alilazwa bila bima, mpaka leo akiona bahasha anatetemeka. Nitajifungua, halafu nitawalisha nini hawa?" Machozi yakaanza kumtoka. Tausi akamvuta mkono, Sikujua akashika mguu wa meza. Watu wazima wawili wanavutana juu ya sombe, mmoja analia na mwingine anatukana. Kama ingekuwa Tausi peke yake, wangevutana hadi leo.

Mwavita, aliyekuwa anachambua mchele, ndiye aliyeuliza swali dogo.

"Mwenzangu, walikuuliza nini hasa, na wewe ukajibuje?"

Sikujua akamweleza. Mwavita akapiga paji la uso. "Uwii! Umewapa hadi mshahara wa mjomba?"

"Si anakula kwangu?"

"Hawaulizi nani anakula kwako! Wanauliza nani mko naye kwenye fomu moja ya kodi ya serikali. Wewe, mumeo, mtoto wenu. Lubunga analipa kodi yake mwenyewe, ni mtu mzima."

"Nikimtoa shemeji kwenye hesabu, si nimemfukuza?"

Na Lubunga mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na gunia la mchele begani. "Shemeji," akasema, "leo mimi si mtu wa nyumba yako?"

"Ni mtu, Lubunga, tua gunia unyamaze," Mwavita akamkata, simu iko sikioni, ameshapiga ofisi ya jimbo. Akasikiliza muziki wa kusubirisha watu, akasubiri tena. Alipopata mtu, alizungumza taratibu, akamfanya Sikujua ajibu kwa kinywa chake, na kila jibu lenye mashaka akalirudia mpaka likanyooka. Mara akageuka, mkono kwenye kipaza sauti.

"Mko wanne."

"Watatu," Sikujua akasema.

"Wanne. Aliye tumboni anahesabiwa."

Lubunga akatua gunia. "Haki ya Mungu! Asiyezaliwa yumo, mimi ninayebeba mchele simo!"

Kwa watu wanne na mshahara mmoja uliopunguzwa, jibu lilibadilika. Yule wa ofisini alisema kwa hesabu hiyo anaonekana kustahili, na kwamba mwenye mimba anaweza kupewa bima ya muda hospitalini siku hiyohiyo wakati maombi yanashughulikiwa. Hivyo ndivyo alivyoambiwa Sikujua. Sheria za jimbo hili si za jimbo lile, na zinabadilika, kwa hiyo msiende kudai kitu kwa jina langu.

Sikujua akaachia mguu wa meza.

Wakaita gari la wagonjwa. Wakajibiwa litachelewa, magari yameanguka barabara kuu. Na hospitali ya mji ule ilikuwa imeacha kuzalisha. Ya kuzalisha iko mji wa pili, ng'ambo ya mashamba. Macho ya Tausi hayana magurudumu. Masikio ya Mwavita hayapasui theluji.

Sifa alikuwa pembeni anamenya vitunguu. Akafuta mikono, akachukua ufunguo, akasema neno lake la kwanza siku hiyo: "Twende."

Sikujua akalazwa kiti cha nyuma kwa ubavu wa kushoto, kama Tausi alivyoagiza, kichwa kwenye mapaja ya Lubunga. Wengine wakabaki, hata Tausi, maana Sifa alikataa mzigo, akamchukua Lubunga tu wa kusukuma gari likinasa. Nje ya mji barabara haikuonekana. Mashamba meupe, mbingu nyeupe, na Sifa anaitafuta njia kwa nguzo za umeme. Wakalikuta gari la kukwangua theluji limeegeshwa, dereva wake, mzee mmoja, anakunywa kahawa. Sifa akashuka, theluji hadi magotini, akamgongea kioo. Maneno hakuwa nayo. Akachora tumbo hewani kwa mikono miwili, akaonyesha mbele, kisha akaunganisha viganja kumwomba. Yule mzee akamwaga kahawa yake, akawasha injini, akawafungulia njia mpaka hospitali.

Njiani Sikujua aliita, "Lubunga, mbona giza?" Lubunga akajibu kwamba ni mawingu tu. Naye alikuwa analia.

Walipofika, madaktari wakampasua mara ile ile. Mtoto akatoka wa kike, mdogo, na sauti kubwa kuliko mwili. Daktari akamwambia Asumani, aliyefika na aproni ya kiwandani bado kiunoni, kwamba wangechelewa kidogo tu angekuwa anampa habari nyingine.

Sasa ndipo mambo yanapoharibika.

Kwao Asumani mtoto aliyeokolewa hupewa jina la aliyemwokoa. Na wajina si mchezo: ndiye anayemvika nguo ya kwanza, ndiye anayeulizwa siku ya posa, na wajina akifa, mtoto huyo ndiye anayekaa karibu na jeneza. Mama mkwe wa Sikujua alipiga simu kutoka kambini, akasema jina lake waliache, wajukuu wengine wanalo tayari. "Apewe aliyemwokoa. Na jina liwe moja. Majina matatu ni ya kitambulisho, hayana mtu."

Wanawake watatu walikuja kumwona mtoto, wakiwa wamemletea uji. Mwanzo walitaniana.

"Kichwa kingekuwa bado kinamgonga, na ninyi mnasema ni baridi tu," Tausi akasema. "Nani aliona?"

"Uliona, ukavuta mkono," Mwavita akajibu. "Alitoka kwako? Alikuwa ameng'ang'ania meza. Mimi ndiye niliyemfanya aachie."

"Na simu yako ingempasua?" Sifa akasema polepole, na wote wakageuka, maana hawakumzoea. "Mngebaki jikoni na bima yenu nzuri."

Utani ukaisha hapo. Tausi hana mtoto. Amepokea wa watu wengi, na hakuna hata mmoja anayeitwa kwa jina lake. Mwavita alizaliwa watu wakikimbia risasi, akaitwa kwa vita hivyo, na siku zote amesema anatamani jina lile lisikike mara moja kwa furaha. Sifa alikwaruza gari lake lote ubavuni safari ile, na aliyefungua mdomo kulisema hilo alikuwa Lubunga, si yeye. Sikujua aliyajua yote hayo. Aliwapenda wote watatu, na alijua kwamba akimpa mmoja, wawili watasema asante, hongera, kisha uji wao utapungua sukari.

Simu ikaita. Ofisi ya bima, na mkalimani mwingine upande wa pili. Mwavita akakunja mikono kifuani, safari hii kazi si yake.

"Mama, tunakamilisha maombi yako. Nyumbani mko wangapi?"

"Wanne," Sikujua akajibu bila kusita. Lubunga, kwenye kona, akatikisa kichwa akacheka.

"Nitajie majina."

"Asumani. Mimi, Sikujua. Mtoto wetu Mlondani."

"Huku kwetu wa nne ameandikwa Mtoto wa Kike. Ana jina sasa?"

Tausi akaanza kukunja blanketi lililokwisha kukunjwa. Mwavita akatazama dirishani. Sifa akashika ufunguo wa gari. Mtoto akapiga chafya, na hakuna aliyemwambia pona.

"Mama, upo? Wa nne anaitwa nani?"

Na mimi naishia hapo, msinitazame hivyo. Mwenye macho asingeona, tungekuwa tunazika. Mwenye masikio asingesikia, mgonjwa asingeachia meza. Mwenye usukani asingeendesha, bima ingemkuta marehemu jikoni. Simu imo mkononi mwako sasa, na wote watatu wamesimama mbele yako. Haya, wewe uliyekaa hapo: utasema mtoto huyu anaitwa nani?