Jina la Mdogo Wake Tunu

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana hadubini za maabara zilikuwepo, aliishi mtoto wa miaka minne aitwaye Tunu. Bibi yake, Bi Siwema, alikuwa akimwogesha akagusa kitu kigumu ubavuni. Majirani wakasema ni minyoo. Bi Siwema hakubishana nao. Alimfunga mjukuu mgongoni akaenda naye hospitali.

Huko Daktari Nakiete akampasua, akautoa uvimbe wa figo. Kipande kikapelekwa kwa Mwanaidi wa maabara. Kazi yake ni kukitia rangi inayoshika protini moja tu. Protini ikiwa nyingi, kipande hugeuka kahawia, na uvimbe huo ni mkali, unataka dawa kali. Ikiwa kidogo, dawa nyepesi inatosha. Kipande cha Tunu kilibaki cheupe. Mwanaidi akaandika: kidogo. Ndugu wakashukuru Mungu.

Sasa nisikilizeni, msinikatize. Desturi ya maabara ni kutia rangi vipande viwili: cha mgonjwa, na kingine kinachojulikana kuwa kimejaa protini. Hicho cha pili kisipogeuka, rangi imeharibika. Siku ile Mwanaidi alikuwa na haraka, hakukitazama. Kesho yake akakitazama: cheupe pe. Akarudia kwa rangi mpya, na kipande cha Tunu kikawa kahawia chote. Angenyamaza, nani angejua? Lakini alikwenda wodini, akasema mbele ya daktari na mama wa mtoto, "Nimekosea. Uvimbe wa Tunu ni mkali."

Ndugu wakawaka. Watu waliogeuza neno mara moja watageuza tena, wakasema, na wakataka kuondoka na mtoto wao. Daktari Nakiete akakaa nao siku mbili, akieleza, akitukanwa, akieleza tena, mpaka wakakubali. Dawa kali ikatolewa. Nywele za Tunu zikapukutika, kisha zikaota. Akapona kabisa, akawa anaruka kamba na kuwasumbua majirani wale wale wa minyoo. Nafurahi kila nikifika hapa.

Mama yake akajifungua mtoto mwingine wa kike. Akataka kumpa jina la aliyemwokoa dada yake, na jina ni moja. Siku ya saba bibi, daktari na Mwanaidi, wote watatu wakaja.

Bi Siwema akasema, "Kama si mkono wangu, mngempasua nani?"

Daktari akasema, "Kama nisingevumilia matusi, dawa ingebaki kabatini."

Mwanaidi hakudai kitu. Mama ndiye aliyemsemea: "Huyu angeficha, leo ningekuwa na mtoto mmoja tu."

Bi Siwema akaguna. "Na asingekosea, angekuwa na nini cha kuficha?"

Haya, wenzangu, pilau imeiva, mtoto yuko mapajani na hana jina. Je, nani alistahili?