Ahadi Tatu za Wakesho

Sogeeni, na mwenye mtoto amlaze vizuri kwanza, maana jambo hili haliamuliwi kwa haraka.

Huko milima ya Taita walikuwako wanawake watatu. Mkamburi alikuwa na masikio. Angesikia maziwa yakianza kuchemka jikoni kwa jirani. Sista Dorkasi, muuguzi wa zahanati, alikuwa na utulivu. Hata paa lingeezuliwa, mikono yake isingetetemeka. Mama Mghoi alikuwa na subira, ile ya kukaa na jambo mpaka liishe lenyewe.

Wa nne ni mkaza mwana wake Mghoi, Wakesho, aliyemaliza kidato cha nne juzi tu. Yeye alikuwa na woga. Akiogopa huahidi, na akishaahidi hasahau.

Uchungu ulimshika mimba ikiwa ya miezi saba, mchana, yuko peke yake, mvua imeziba kila sauti. Kupiga kelele hakuweza, aliguna tu. Mkamburi, jirani wa nyumba ya pili, akasikia. Akaja mbio, akamfunga mgongoni kwa leso, akateremka naye mlima kwenye utelezi ule mpaka zahanati. Wakesho akamnong'oneza shingoni, "Dada, usiniangushe. Usiniangushe, jina la mtoto utatoa wewe."

Mtoto akazaliwa, wa kiume, kimya, midomo ya zambarau. Sista Dorkasi akampulizia pumzi, kidogo, akahesabu, akapuliza tena, na Wakesho ameng'ang'ania aproni yake: akilia huyu, Sista, jina ni lako, naapa, akilia tu. Akalia. Kama kipaka, lakini akalia.

Kisha homa ikamlaza Wakesho wiki tano. Mtoto mwepesi vile alihitaji joto la mwili wa mtu. Mama Mghoi akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akala naye hivyo, akasinzia naye ameketi hivyo hivyo. Wakesho akaogopa mama mkwe atachoka. "Mama, usimtue. Jina lake litatoka kwako."

Wiki ya sita mchungaji akatangaza ubatizo, na kila mmoja akaja na jina lake. Mkamburi, ambaye hakujaliwa mtoto, alitaka Simeoni: Mungu amesikia. Dorkasi, aliyezalisha mamia na hakuna aliyewahi kumwomba jina, alitaka Eleazari: Mungu amesaidia. Mghoi alitaka Zakaria: Mungu amekumbuka.

Wakesho akaungama yote kwa pumzi moja. Hakuna aliyegomba. Mkamburi alicheka, akasema kijana huyu anagombewa kama mbuzi wa mahari. Kisha Wakesho akaona midomo ya kila mmoja ikilitamka bila sauti jina alilolitaka.

Alimwomba mchungaji yaunganishwe yote matatu. Mchungaji akasema kanisani kwao mtoto hupewa jina moja, lile atakaloitikia. Mumewe naye akasema aliyeahidi ndiye atakayetamka.

Jumapili ikafika. Wanawake watatu wamesimama nyuma yake, mchungaji ameshachovya vidole majini. "Mama, mtoto huyu anaitwa nani?"

Bila Mkamburi mtoto asingefika. Bila Dorkasi asingelia. Bila Mghoi asingebaki. Na wote watatu waliahidiwa, kwa kinywa kile kile, naye alimaanisha kila mara.

Wakesho anafungua mdomo. Haya, wewe uliyeketi hapo, ungekuwa ndiwe uliyembeba, ungetamka lipi? Na ukigeuka, ungewaambia nini wawili waliobaki?