Hodi ya Kasuku

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani hii ya juzijuzi watu walipokwisha kuzoea kupanda ndege, palikuwa na bibi wa Pangani asiyesema neno. Jina lake Bi Mwanahawa. Hakuzaliwa bubu. Siku moja alinuniana na mumewe, Mzee Hatibu. Mzee akaja mlangoni pake mwenyewe, akabisha hodi kama ilivyokuwa desturi yake. Hodi ya kwanza, bibi kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Nanyi mnajua, hodi tatu zisipoitikiwa, mtu hurudi alikotoka. Mzee akageuka, akaanguka njiani, akafa. Tangu siku hiyo sauti ya bibi ikakauka, majuto yakamkaa kooni.

Mwanawe Mbaruku akasema, "Mama, twende ughaibuni kwa madaktari wakubwa." Wakaenda, yeye, mkewe Salama na binti yao Mishi. Madaktari wakamchungulia koo, wakatikisa vichwa.

Siku ya mwisho Salama akasema, "Mama asirudi na harufu ya dawa tu. Tumpeleke bustani ya wanyama akaburudike."

"Kwa baridi hii?" Mbaruku akaguna. Salama akang'ang'ania.

Theluji ilishuka polepole, weupe juu ya weupe, na Bi Mwanahawa akatembea kama mtu aliye ndotoni. Twiga akatokeza shingo kwenye ukungu, kisha akayeyuka. Mishi alibisha kila mlango. "Hodi, simba!" Simba kimya. "Hodi, kiboko!" Kiboko kimya.

"Bibi, hawa hawana adabu," akasema. Bibi akatabasamu, na moyo ukamuuma.

Baridi ikawasukuma hadi nyumba ya ndege. Humo mlikuwa na joto na harufu ya majani mabichi. Kasuku wa kijivu alikuwa amejificha tawini, amelala. "Hodi, kasuku! Hodi! Hodi!" Mishi akachoka, akawafuata wazazi wake kwa tausi. Bibi akabaki peke yake, akafumba macho.

"Hodi," ikasema sauti nyuma ya majani.

Bibi aliuona mlango wake wa Pangani, na chini yake kivuli cha miguu.

"Hodi."

Imebaki moja. Koo likamwaka moto.

"Ho..."

"Karibu!" bibi akapiga ukelele. "Karibu, baba Mbaruku, ingia! Ingia mume wangu!" Akalia, akacheka, akalia tena, na wenziwe wakaja mbio.

Jioni, hotelini, alivua kidoleni pete aliyovishwa na Mzee Hatibu. "Hii ni ya aliyenirudishia sauti," akasema.

Mbaruku akasema, "Nisingekuleta huku, Mama, hadi leo ungekuwa kimya Pangani."

Salama akasema, "Ulimleta kwa madaktari, wakashindwa. Bustanini nilimpeleka mimi, na wewe unaguna."

Mishi akasema, "Na kasuku nani aliyemfundisha hodi? Si mimi?"

Bibi akaigeuza pete kwenye mwanga wa taa. "Na yule niliyemkaribisha je?" akauliza taratibu. "Hakuja?"

Haya, msinikodolee macho, pete ni moja na mimi si kadhi. Mbaruku, Salama, Mishi, kasuku, au marehemu aliyengoja mlangoni miaka yote hiyo: je, pete ilikuwa haki ya nani?