Fungu la Kesho la Lubaba

Husimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba hapo zamani katika mji wa Wasit alikuwako mja mmoja mwema akiitwa Rabii, fundi wa kushona matandiko ya ngamia. Mola alikuwa amemruzuku mke mcha Mungu, Bi Atika, na watoto wawili: binti akiitwa Lubaba na mdogo wake wa kiume, Safwani. Rabii hakuwa tajiri, lakini alikuwa mtu wa hesabu na mtu wa huruma, na aliwapenda wanawe mno.

Alikuwa na desturi yake nyumbani. Kila Ijumaa baada ya sala aliwapa watoto visarafu vichache, na kila alipowapa alisema, "Shikeni riziki yenu." Akawafundisha kuigawa mafungu matatu: fungu la mwenye haja, fungu la leo na fungu la kesho. Lakini alipowatuma kupeleka tandiko kwa mwenyewe, au kumrudishia jirani chombo chake, alibadili neno. "Shikeni amana," alisema. Walipomuuliza tofauti yake, aliwajibu, "Riziki ni yako, kula, na uwape wenzio. Amana ni ya mtu. Amana hailiwi."

Lubaba aliyashika maneno hayo barabara. Fungu lake la kesho alilitia katika kibuyu kidogo na kukiziba mdomo kwa kitambaa. Safwani naye, Mungu amsamehe, kesho yake haikupata kulala hata siku moja. Kabla ya alasiri ilikuwa imekwisha kuwa halua. Baba yake alimcheka wala hakumpiga, akasema kwamba mtoto hufundishwa polepole.

Basi ukaja mwaka wa ukame. Misafara ikakatika, na msafara usipokuja nani atanunua tandiko? Akiba ya nyumba ikaliwa mpaka ikaisha. Katikati ya shida hiyo Bi Atika akajifungua, homa ikamshika, na maziwa yakamkauka. Tabibu alimtazama akasema, "Mpeni asali safi na mchuzi wa nyama apate nguvu. Mkichelewa, ninamhofia yeye na kichanga chake."

Rabii akabisha hodi kwa jamaa na marafiki, akakuta nao wamefunga mikanda. Akatembeza vyombo vyake vya kazi, asipate mnunuzi. Akarudi nyumbani, na nyumbani hapakuwa na fedha isipokuwa kifuko cha jirani yake aliyekwenda Makka kuhiji, akamwachia amtunzie. Nafsi ikamwambia, "Chukua sarafu moja tu. Utairudisha kabla hajarejea." Nasi tusimhukumu upesi, ndugu zangu, maana kilio cha kichanga mwenye njaa si jambo jepesi kulisikiliza.

Akaitoa sarafu moja, akamwita Lubaba. Alitaka kusema, "Shika riziki yetu." Lakini ulimi uliozoea kweli ukamkatalia. "Shika amana hii," alisema, wala hakutambua alilosema. "Nenda kwa muuza asali, mwanangu, usikawie."

Lubaba akaenda mbio. Muuza asali akampimia, akafunika chombo, akanyoosha mkono. Mtoto akaitazama ile sarafu, akalikumbuka neno la baba yake.

"Huna fedha, binti?" aliuliza muuza asali.

"Ninayo, ami," alijibu, "lakini si yetu."

Akarudi mikono mitupu, akimlilia mama yake njia nzima.

Rabii alipomwona alishtuka. "Asali iko wapi?"

"Baba, ulisema ni amana. Nawe ulitufundisha amana hailiwi. Nimeogopa kumlisha mama kitu cha mtu."

 Rabii akaketi chini, akampakata binti yake, na machozi yakamtoka. Kisha akaipokea ile sarafu, akairudisha katika kifuko na kukifunga. "Astaghfirullah," alisema. "Umesema kweli, mwanangu. Mimi ndiye niliyesahau." Alimpenda siku ile kuliko siku zote, ingawa hakujua mama yake atakula nini.

Lubaba akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake. Rabii hakuwa amekikumbuka kabisa, kwani sisi watu wazima hudhani akiba ya mtoto ni mchezo. Akakiweka magotini pa baba yake.

"Hii ni riziki, baba," alisema. "Ni fungu langu la kesho." Na kwa kuwa alitaka kuifuata sheria ya baba yake sawasawa, akauliza kwanza, "Hiyo kesho, ndiyo leo?"

"Ndiyo leo, mwanangu," alisema Rabii. "Ndiyo leo."

Ikapatikana asali, na nyama kidogo ikapatikana. Safwani hakuwa na cha kutoa, lakini aliupuliza moto chini ya chungu kwa bidii ya mtu aliyekula halua nyingi.

Bi Atika, kama ilivyokuwa ada yake, hakutia kitu kinywani kabla ya kuuliza. "Mume wangu, chakula hiki ni halali?"

Rabii aliinamisha kichwa, kwa kuwa alijua angeshindwa kulijibu swali hilo kama ile sarafu ingetumika. "Ni halali, mama Lubaba," alisema. "Mwanao ndiye aliyekununulia."

Mola akamjalia shifaa, na kichanga akapata maziwa. Jirani aliporejea kutoka Makka alikabidhiwa kifuko chake kizima, naye Rabii hakumficha jinsi alivyokaribia kuteleza. Na misafara ilipoanza kuja tena, Ijumaa ya kwanza Safwani alipopewa riziki yake, alimwendea dada yake kumuuliza vibuyu hupatikana wapi.

Wahenga walisema akiba haiozi, na sisi hudhani walikusudia fedha peke yake. Rabii aliweka pia maneno ya kweli kwa mwanawe, na siku yalipomtoka yeye mwenyewe, aliyakuta kwa Lubaba. Tuwape wana wetu maneno hayo wangali wadogo, maana ipo siku tutayahitaji. Mola atujaalie riziki ya halali, na watoto wa kuturudisha njiani.