Bi Pimbi na Sinia la Mzee Tembo

Mnaguna nini, na hata hatujaanza? Anayejua zaidi aje asimulie yeye. Hakuna? Basi fungeni midomo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na majiko na wakwe, Bi Pimbi alilima kishamba cha mtama na kunde, ubavuni mwa shamba kubwa la Mzee Tembo. Tembo alikitamani kile kishamba mpaka mate yakamdondoka. Siku moja akaita wanyama wote nyumbani kwake.

"Pimbi! Ukoo wenu umekuja juzi tu. Mgeni hana shamba hapa. Kesho uhame!"

Bi Pimbi akawaza haraka. Wanawe wangekula nini? Lakini kulia mbele ya Tembo? Thubutu!

"Sawa, mzee. Sheria hiyo ni ya wenye miguu tu, au na mimea imo?"

"Kila kilichotoka kwingine kitoke! Naapa mbele ya wote!"

Mama Tembo akaingia na sinia la chakula. Sasa, katika nyumba ile hakuna aliyemega tonge kabla mwenye nyumba hajataja mbegu ilikotoka. Tembo aliupenda utajaji huo kuliko kula kwenyewe.

"Haya, mzee, tutajie," akasema Bi Pimbi.

Tembo akajikohoza, khooo! "Ugali huu ni wa mahindi. Yametoka ng'ambo ya bahari, jua linakotua. Babu yangu aliyafuata mpaka pwani!"

"Kumbe mgeni! Mama Tembo, toa nje."

"Ala!" Tembo akamaka. Lakini kiapo ni kiapo; ugali ukatoka.

"Na muhogo?"

"Huko huko," Tembo akajibu kwa mazoea.

"Nje! Karanga?"

"Huko hu..." Akajiziba mdomo kwa mkonga.

"Nje! Na ndizi?"

Nyani akadakia, "Mashariki, babu! Si unatuambia kila harusi?"

"Nje!"

Sinia likabaki jeupe. Tumbo la Tembo likanguruma, nguruuu!

"Kidudu wewe! Nitakula nini?"

"Mtama na kunde, mzee. Hivyo ni vya nchi hii tangu mababu wa mababu. Mbegu zake ninazo mimi peke yangu, nami kesho nahama nazo."

Wanyama wakaangua kicheko. Mama Tembo akafoka, "Mume wangu, futa hiyo sheria, watoto wana njaa!"

"Haya, baki! Baki na shamba lako! Rudisheni ugali!"

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote! Kaa basi ule."

"Na ugali sina ugomvi, mzee. Nisiyemtaka ni mwenye nyumba. Na siku nyingine, anayetaka kufukuza wageni aanzie chunguni mwake."

Akatoka, akaubamiza mlango. Pwaa!